Pesa za karafuu, hisa za India

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: mfuko wa fahirisi (yaani unaofuata orodha ya hisa inayopima soko) unaoshika hisa za nchi moja tu, hasa zile nchi zinazoibukia kiuchumi kama India, Brazil, Uturuki au Nigeria. Tumechagua nane. Maswali tumeyafupisha, maana yake tumeiacha ilivyo.

Assalamu alaykum. Mimi ni mkulima. Nimeuza karafuu na baada ya kuwalipa wachumaji na madeni nimebakiwa na milioni sita. Shemeji yangu aliyeko Muscat ananambia ninunue mfuko wa hisa za India, kwa sababu India inakua haraka. Hasa ninanunua nini? Na nchi ikikua, pesa yangu nayo itakua? — Mkulima, Wete

Wa alaykumu ssalaam, ndugu yetu. Unachonunua ni kipande cha mfuko. Mfuko huo unamiliki hisa za makampuni yaliyoandikishwa katika soko la nchi hiyo, kwa uzito ule ule wa fahirisi unayoifuata. Hakuna meneja anayekaa akichagua kampuni nzuri na kuacha mbaya. Kampuni kubwa inachukua fungu kubwa, ndogo inachukua dogo, basi. Mfuko wa iShares MSCI India (iShares ni jina la mifuko ya kampuni ya BlackRock) unaouzwa Marekani tangu 2012, kwa mfano, unafuata fahirisi iliyotungwa na kampuni ya MSCI, na juu kabisa utakuta majina kama HDFC Bank, Reliance Industries, ICICI Bank na Infosys. Mashamba ya India hayamo, wala maduka ya mitaani, wala vijana wote wanaoingia kazini kila mwaka. Yamo makampuni makubwa, kwa bei ambayo wanunuzi wengine wameshaipandisha kwa sababu na wao wamesikia kwamba India inakua.

Ndiyo maana swali lako la pili ni zito kuliko la kwanza. Fahirisi ya MSCI ya China ilianza na pointi 100 mwisho wa mwaka 1992. Mwisho wa 2023 ilikuwa chini ya hapo, bila kuhesabu gawio, yaani faida ambayo makampuni huwagawia wenye hisa. Miaka hiyo hiyo uchumi wa China ulikua mara nyingi, miji ikajengwa, mamilioni ya watu wakatoka kwenye umasikini. Vipi nchi ikue hivyo na mwenye hisa abaki pale pale?

Fanya hesabu hii kwenye kipande cha karatasi. Kampuni ina hisa 100 na faida ya 1,000, kwa hiyo kila hisa ina faida ya 10. Kampuni inataka kujitanua, inauza hisa mpya 100. Mwaka unaofuata faida inafika 1,800. Kampuni imekua kwa asilimia 80, magazeti yanaisifu, lakini sasa hisa ni 200 na kila moja ina faida ya 9. Fungu lako limepungua huku kampuni ikipanuka. China makampuni yalitoa hisa mpya kwa wingi sana, na mengi yaliyokuwa ya serikali yaliingizwa sokoni kwa bei iliyomfaa muuzaji. Kwa hiyo unapotazama nchi, kasi ya uchumi peke yake haikwambii kitu. Tazama faida kwa kila hisa, na uangalie bei ya soko ni mara ngapi ya faida hiyo. Namba zote mbili zimo katika taarifa ya kila mwezi ya mfuko wowote wa maana.

Wewe unatoka Pemba, hatari ya kutegemea kitu kimoja unaijua bila kufundishwa. Indonesia ilikuwa mnunuzi mkubwa wa karafuu zetu kwa ajili ya sigara zake za kretek. Ilipopanda mikarafuu yake mpaka ikajitosheleza, miaka ya 1980, bei ikaanguka, na Pemba hakuna aliyekuwa amekosea kuchuma wala kuanika. Mfuko wa nchi moja una udhaifu huo huo: uamuzi mmoja wa serikali au mabadiliko ya mnunuzi mmoja mkubwa yanagusa kila hisa iliyomo kwa siku moja.

Sasa tuitembeze milioni sita yako. Kwa wepesi wa hesabu tuseme dola moja ni shilingi 2,500, benki inakuuzia kwa 2,550 na kununua kwako kwa 2,450. Milioni sita ingekuwa dola 2,400. Mkononi unapata 2,353. Tuseme gharama za kutuma, pamoja na benki ya katikati inayopitisha pesa, ni dola 45: zinabaki 2,308. Kamisheni ya dalali dola 5, na pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza linakula nyengine 5. Hisa unazoshika zina thamani ya 2,298. Ukibadilisha mawazo kesho yake na kurudisha kila kitu kwa njia ile ile, utapokea kama shilingi 5,495,000. Laki tano na elfu tano zimeondoka na soko halijasogea hata kidogo. Maana yake mfuko lazima upande kwa karibu asilimia 9 ndipo urudi ulipoanzia.

Viwango vya benki yako vinaweza kuwa tofauti, basi weka vyako katika hesabu hiyo kabla hujatuma. Na ukumbuke ile 45 ni ile ile utume 2,000 au utume 200. Anayetuma dola 200 kila mwezi anapoteza zaidi ya moja ya tano njiani. Ni bora kukusanya na kutuma mara moja kwa mwaka.

Ushauri wetu kwako: kama hiyo milioni sita ndiyo akiba yote, isiende India. Mikarafuu haizai sawa kila mwaka. Kwanza tenga matumizi ya nyumbani mpaka mavuno mengine mazuri, na gharama za palizi. Kikibaki cha kukaa miaka saba au kumi bila kuguswa, anza na mfuko wa masoko yanayoibukia yote kwa pamoja. India imo humo, pamoja na China, Taiwan, Korea Kusini, Brazil na Saudi Arabia, tena kwa gharama ndogo zaidi. Mfuko wa India pekee uwe nyongeza, na kwa maoni yetu usipite sehemu moja ya kumi ya akiba ya muda mrefu.

Nimeona kwamba soko la hisa la Nigeria lilipanda karibu nusu mwaka 2023. Mwenzangu aliyekuwa na mfuko wa Nigeria kwa dola anasema alipata khasara mwaka huo huo. Anasema kweli? — Msomaji, Fuoni

Anasema kweli. Fahirisi kuu ya soko la Lagos ilipanda kwa karibu asilimia 46 mwaka 2023. Lakini Juni mwaka huo serikali iliachia naira itafute bei yake yenyewe. Mwaka ulianza dola moja ikiwa kama naira 461 kwa kima rasmi, ukaisha ikiwa kama 907.

Chukua dola 100 za mwanzo wa mwaka: ni naira 46,100. Ongeza asilimia 46, unapata kama 67,300. Zirudishe kwenye dola kwa 907. Unapata 74. Aliyetazama skrini ya Lagos aliona sherehe, na aliyehesabu kwa dola alipoteza robo. Misri ilipita njia hiyo Novemba 2016 na tena Machi 2024, pauni ilipoachiwa na kuanguka ndani ya siku moja.

Kwako wewe zipo sarafu tatu, si mbili: ya nchi ya hisa, dola, na shilingi yetu. Shilingi ilikuwa kama 2,300 kwa dola mwaka 2022, ikapita 2,600 kufikia katikati ya 2024. Anayeshika mali ya dola miaka hiyo alipata nyongeza ambayo haikutoka kwenye hisa hata senti, na shilingi ikipanda thamani nyongeza hiyo inarudi ilikotoka. Unapopima kama mfuko umefanya vizuri, pima kwa sarafu unayonunulia unga na kulipia ada ya skuli.

Alama za kutazama kabla ya kununua nchi: je, kima rasmi cha fedha na kima cha mtaani vimeachana? Je, makampuni ya kigeni yanalalamika kwamba hayapati dola za kutoa faida nje? Nigeria alama zote mbili zilikuwepo wazi miaka kabla ya Juni 2023.

Mfuko wangu wa India kila mwaka unaachwa nyuma na fahirisi yake. Meneja anaiba? — Mfanyakazi wa hoteli, Nungwi

Hapana. Fahirisi ni hesabu ya kwenye karatasi, hailipi chochote. Mfuko unalipa gharama za uendeshaji: mifuko mikubwa ya nchi moja ya iShares hutoza karibu asilimia 0.6 kwa mwaka, wakati mifuko mipana ya masoko yanayoibukia inapatikana kwa asilimia 0.1 hadi 0.2. India nayo inamtoza mwekezaji wa kigeni kodi ya faida ya mtaji. Tangu Julai 2024 ni asilimia 12.5 kwa hisa zilizokaa zaidi ya mwaka na asilimia 20 kwa zilizokaa chini ya hapo. Mfuko lazima utenge fungu hilo kila hisa zinapopanda, hata kabla ya kuuza. Fahirisi haitengi. Soko likipanda sana utaachwa zaidi, na hiyo ni kawaida.

Linganisha mifuko miwili inayofuata nchi ile ile. Franklin FTSE India, kwa mfano, hutoza asilimia 0.19. Tofauti ya 0.4 kwa mwaka inaonekana ndogo, lakini kwa miaka kumi ni asilimia 4 ya mali yako.

Nataka kuepuka riba. Je, nikinunua mfuko wa Saudi Arabia au Malaysia nitakuwa salama? — Mama wa watoto wanne, Chake Chake

Suala la fatwa, bibie, tunawaachia masheikh. Sisi tunaweza kukuonesha hesabu ili unapokwenda kuuliza uwe na kitu mkononi.

Nchi kuwa ya Waislamu hakuifanyi fahirisi yake kuwa halali. Fahirisi ya kawaida ya Saudi Arabia inachukua makampuni makubwa yote, na humo zimo benki zinazotoa mikopo ya riba pamoja na zile za Kiislamu kama Al Rajhi. Kinachotakiwa ni fahirisi iliyochujwa. Kwa vigezo vya AAOIFI, shirika linaloweka viwango vya fedha za Kiislamu, shughuli kuu ya kampuni iwe halali, madeni yake ya riba yasifike asilimia 30 ya thamani yake sokoni, fedha ilizoweka kwa riba nazo zisifike asilimia 30, na mapato yasiyo halali yasizidi asilimia 5. MSCI katika fahirisi zake za Kiislamu hutumia asilimia 33.33, tena ya mali yote ya kampuni, si ya thamani ya sokoni. Kwa hiyo kampuni moja inaweza kupita huku na kukataliwa kule. Muulize sheikh wako kigezo kipi anakikubali, kisha fungua waraka wa matarajio, yaani maelezo rasmi ya mfuko, utazame kimetumika kipi.

Malaysia imekwenda mbali katika hili. Tume yake ya Dhamana ina baraza la sharia linalotoa orodha ya hisa zinazokubalika, na mfuko wa fahirisi wa Kiislamu unaouzwa sokoni ulianza huko 2008. Indonesia ina Jakarta Islamic Index yenye hisa 30, tangu 2000.

Uelewe pia mchujo unafanya nini. Ukiondoa benki kwenye fahirisi ya India umeondoa majina makubwa kabisa, na kinachobaki kinaelemea makampuni ya kompyuta kama Infosys na Tata Consultancy Services, ambayo wateja wao wengi wako Marekani. Umenunua India, lakini biashara inategemea ofisi za New York. Hiyo si sababu ya kuacha. Ni sababu ya kununua kidogo, au kuchukua mfuko wa Kiislamu wa masoko mengi, kama ule wa iShares MSCI EM Islamic uliopo tangu 2007.

Kutakasa gawio ni hesabu fupi. Mfuko unatangaza sehemu isiyo halali, tuseme asilimia 3. Umepokea gawio la dola 40. Dola 1 na senti 20 unazitoa, na zinazobaki ni zako.

Inawezekana nikashindwa kabisa kuuza? — Msomaji, Mwanakwerekwe

Inawezekana, na imeshatokea.

Soko la hisa la Misri lilifungwa baada ya tarehe 27 Januari 2011, wakati wa mapinduzi, na halikufunguliwa mpaka 23 Machi. Mfuko wa Misri uliokuwa ukiuzwa New York uliendelea kuuzwa. Hapo palitokea jambo ambalo wengi hawakulitegemea: bei ya kipande ilipanda juu ya thamani ya hisa zilizomo. Siku za kawaida, bei ikipanda hivyo, wafanyabiashara wakubwa wanakwenda kununua hisa zenyewe, wanazipeleka kwa mfuko, wanapewa vipande vipya na kuviuza, na pengo linazibika. Cairo ilipofungwa hakuna aliyeweza kupata hisa, kwa hiyo vipande vipya havikutengenezwa na wanunuzi wakagombania vilivyopo. Walionunua wiki zile walilipa zaidi ya thamani.

Urusi ilikuwa mbaya zaidi. Hisa za Moscow zilisimama mwisho wa Februari 2022. Mapema Machi mfuko wa VanEck wa Urusi ukaacha kuuzwa Marekani, na tarehe 9 Machi MSCI ikaitoa Urusi kwenye fahirisi zake kwa bei iliyo sawa na sifuri. Soko la Moscow lilipofunguliwa kidogo kidogo kuanzia 24 Machi, wageni hawakuruhusiwa kuuza. Mwenye mfuko wa Urusi pekee aliona karibu mali yote imefungiwa. Mwenye mfuko wa masoko yote yanayoibukia alikuwa na Urusi chini ya asilimia 4, akaumia na maisha yakaendelea.

Kwa siku za kawaida, mambo mawili yanakulinda. La kwanza, weka oda yenye ukomo wa bei. Usiseme “ninunulie kwa bei yoyote”. La pili, chagua saa. Soko la Mumbai linafunguliwa saa 12:45 asubuhi kwa saa zetu na kufungwa saa 7:00 mchana. London inafunguliwa saa 4 asubuhi wakati wa majira yao ya joto, na saa 5 wakati wa baridi. Kwa hiyo mfuko wa India unaouzwa London ununue kati ya saa 5 asubuhi na saa 7 mchana, masoko yote mawili yakiwa wazi, maana hapo wanaoweka bei wanaziona hisa zenyewe zikiuzwa. Baada ya saa 7 wanakisia, na pengo la bei linapanuka ili lifunike makisio yao. Mfuko wa Brazil ni kinyume: subiri saa 10 jioni, São Paulo ikishafunguliwa.

Dalali wa mtandaoni ananipa mfuko ule ule wa iShares katika soko la New York na mwengine London. Wa New York ni rahisi kidogo. Nichukue huo? — Mwalimu mstaafu, Bububu

Tazama herufi mbili za mwanzo za namba ya ISIN, yaani namba ya utambulisho wa mfuko. Ikianza na US, mfuko umesajiliwa Marekani. IE ni Ireland, LU ni Luxembourg. Herufi hizo mbili zina uzito kuliko tofauti ya gharama uliyoiona.

Marekani inakata kodi ya zuio ya asilimia 30 kwenye gawio la mfuko wake linalokwenda kwa mgeni, hata kama hisa zote zilizomo ni za India au Brazil. Nchi nyengine zimepunguziwa kwa mikataba ya kodi. Tanzania haina mkataba huo na Marekani, kwa hiyo fomu ya W-8BEN, ya kueleza kwamba wewe si mkaazi wa Marekani, utaijaza na asilimia 30 itabaki pale pale. Mfuko wa Ireland haumkati asiyekuwa mkaazi wa Ireland.

Jengine ni mirathi, na hapa tunakuomba usome mara mbili. Mgeni akifariki akiwa na mali ya Marekani inayozidi dola 60,000, kodi ya mirathi ya Marekani inaweza kufika asilimia 40 ya kinachozidi. Vipande vya mfuko uliosajiliwa Marekani vinahesabiwa kuwa mali ya Marekani popote ulipo wewe. Vya Ireland havihesabiwi hivyo. Kwa mtu mwenye dola 3,000 leo jambo hili liko mbali, lakini mali ikikua ni vigumu kuhama bila gharama, basi anza na IE tangu siku ya kwanza.

Andika jina la dalali na namba ya akaunti, ukaiweke pamoja na hati za nyumba. Warithi wako watakwenda Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na huko watahitaji kujua mali ipo. Dalali wa nje atadai cheti cha kifo na hati ya usimamizi wa mirathi vilivyofasiriwa kwa Kiingereza na kuthibitishwa. Msinunue kwa jina la jamaa aliyeko ughaibuni kwa kuwa yeye ana akaunti tayari. Siku akifariki yeye, mali itagawiwa kwa warithi wake, na karatasi zote zitasema ni yake.

Kabla ya yote, ingia benki yako uulize masharti ya Benki Kuu ya Tanzania juu ya kupeleka mtaji nje. Kuwekeza nje hakuhesabiwi sawa na kulipia bidhaa za duka, na kanuni za fedha za kigeni zinaweka mipaka na nyaraka zake. Omba jibu kwa maandishi. Na mkaazi wa Tanzania anatakiwa kutaja TRA hata mapato yaliyotoka nje.

Kwa nini tuhangaike na India? Nchi moja inayoibukia si hii yetu? — Msomaji, Michenzani

Swali zuri, na kwa wasomaji wengi wa ukurasa huu jibu linaanzia nyumbani kweli. Hakuna dola, hakuna benki ya katikati, na kodi ya zuio kwenye gawio la kampuni iliyoandikishwa Soko la Hisa la Dar es Salaam ni asilimia 5.

Soko hilo lilianza kuuza hisa 1998 na lina fahirisi mbili kuu. DSEI inahesabu kampuni zote, pamoja na za Kenya zilizoandikishwa huku pia, kama KCB na East African Breweries. TSI inahesabu za Tanzania tu. Ukitaka kujua hali ya hapa, fuata TSI, kwa sababu DSEI inaweza kushuka kwa jambo lililotokea Nairobi.

Kujitengenezea fungu linaloikaribia TSI si kazi kubwa. Fungua akaunti ya hisa kwa dalali mwenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, au kupitia Hisa Kiganjani kwenye simu. Uwe na kitambulisho cha taifa na akaunti ya benki. Pitia jedwali la thamani za kampuni linalotolewa na soko. Utaona benki mbili, NMB na CRDB, bia, sigara, saruji na simu zinabeba karibu soko zima. Kampuni sita zinatosha, kila moja kwa uzito wake. Tozo zote pamoja kwa manunuzi madogo huzunguka asilimia 2, na tena ukiuza, kwa hiyo nunua mara mbili kwa mwaka na uache zitulie.

Kasoro kubwa ni uhaba wa ukwasi, yaani ugumu wa kupata mnunuzi haraka. Vodacom Tanzania iliuza hisa zake kwa umma 2017 kwa shilingi 850, na kwa miaka bei ya sokoni ikakaa chini ya hapo huku wanunuzi wakiwa wachache. Oda ya kuuza inaweza kulala siku nyingi. Pesa ya ada ya muhula ujao isiingie humo.

Ukiona kazi ni nyingi, Mfuko wa Umoja wa UTT AMIS, ulioanza 2005, unachanganya hisa na hati fungani za humu nchini. Haufuati fahirisi, na hati fungani zina riba, kwa hiyo mama yetu wa Chake Chake hautamfaa.

Na kumbuka kwamba mshahara wako, nyumba yako na shamba la familia vyote viko katika uchumi huu huu. Mwaka 2020 watalii walipopotea, aliyefanya kazi hotelini na akiba yake yote ikiwa hapa aliguswa pande zote. Kwa mtu wa namna hiyo kuweka kidogo nje kuna maana, hata baada ya gharama zote tulizozitaja.

Kuna programu ya simu inayoniruhusu kununua “fahirisi ya Brazil” kwa dola 50 tu, na inanikopesha mara ishirini. Nini maoni yenu? — Kijana, Paje

Usiingize hata hizo 50. Hununui hisa wala kipande cha mfuko. Unafunga mkataba wa kukisia bei na mwenye programu, na mara nyingi yeye ndiye anayepata unapokosa. Kwa mkopo wa mara ishirini, fahirisi ikishuka asilimia 5 pesa yako imekwisha, na Brazil husogea asilimia 5 bila mtu kushangaa. Kila usiku unaotozwa ada ya kulaza mkataba, unalipia huo mkopo, na ada hiyo ni riba. Waulize swali moja kwa maandishi: “ISIN ya nilichonunua ni ipi, na nani anakihifadhi kwa jina langu?” Wakikujibu kwa picha ya gari na ahadi ya faida ya kila wiki, toa pesa yako siku hiyo hiyo kama bado inatoka.